Kumwagilia Nondo

Kwa miaka saba kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kumwagilia nondo. Sisemi mche, wala sisemi ua. Nasema nondo, chuma, kimechomekwa ardhini nyuma ya maabara namba mbili, juu kimebaki kichwa cha urefu wa kiganja, na kwenye hicho kichwa umefungwa waya wa kijani na njano unaopanda ukutani hadi kuingia dirishani. Ndoo moja ya maji, vikombe viwili vya chumvi, unakoroga, unamwaga taratibu ili ardhi inywe. Ndiyo maana kazini wananiita Mzee Ndoo. Jina langu la kwenye kitambulisho nadhani hata aliyekichapa amelisahau.

Kazi hiyo nilirithishwa na fundi umeme wa zamani siku aliyostaafu. Alinivuta pembeni akaniambia, "Ndugu yangu, hii nondo imeliwa na kutu nusu nzima. Nimeomba mpya mara tatu, barua ninazo. Udongo ukiwa mbichi inafanya kazi. Ukikauka, ni kama haipo. Mpaka wakuletee mpya, uinyweshe." Akachukua cheti chake cha kustaafu na keki yake nusu, akaenda zake. Hiyo mpya naisubiri mpaka leo.

Ndani ya lile dirisha kuna mashine, na kwenye mashine kuna binti yangu.

Nieleze kidogo, na mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikielewa mimi utaelewa na wewe. Wanachukua njegere kavu, wanaziloweka na kuzisaga, wanatoa protini yake. Wanachukua mafuta ya mbegu yaliyotiwa dawa ya vidonda. Maji na mafuta kwa kawaida hayapatani, lakini ukiyapiga na ile protini kwa mashine ya kasi yanakubali kukaa nyumba moja, yanakuwa meupe pee. Wenyewe wanayaita maziwa, ingawa ukiyanywa utajuta. Maziwa hayo yanatiwa kwenye sindano kubwa, pampu inayasukuma tone kwa tone, na ile sindano imepewa umeme wa volti elfu ishirini. Tone likifika nchani halidondoki. Umeme unalivuta hewani, linageuka uzi mwembamba kuliko wa buibui, unacheza kidogo kama mlevi, kisha unajibandika kwenye silinda ya chuma inayozunguka mbele yake. Baada ya saa tatu unabandua kitambaa cheupe, chepesi hivi kwamba ukipiga chafya umekikosa. Kikiwekwa juu ya kidonda cha moto, dawa inatoka ndani ya nyuzi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, bila kumbandua mgonjwa ngozi kila asubuhi.

Silinda ndiyo imefungwa ule waya. Umeme uingie kwa sindano, utokee kwa nondo. Ukikosa pa kutokea, kuna kidude cha ulinzi kinazima kila kitu katikati ya kazi, na maziwa yanadondoka juu ya kitambaa kama udelele wa mtoto. Kitambaa hicho ni cha kutupa.

Binti yangu ndiye fundi wa sindano. Alisoma kwa jasho la mama yake, na la kwangu lililobaki, akapata kazi hapo kwa mkataba wa miezi sita sita. Mtu mwenye diploma anaishi kama mpangaji, kila miezi sita anasubiri kuambiwa kama atafungasha. Wanaompa hiyo miezi sita wao wana mikataba mpaka wafe.

Basi akaja Meneja Utawala mpya. Aliletwa kubana matumizi, akaanza kuyatafuta kila mahali isipokuwa kwenye kiyoyozi chake. Asubuhi moja akanikuta nyuma ya maabara, ameshika ubao wake wa kuandikia, na nyuma yake askari wa getini ambaye alikuwa amemsindikiza ili aonekane yupo.

"Mzee, unafanya nini?"

"Namwagilia, bosi."

"Unamwagilia nini?"

"Nondo."

Akatazama chini. Akazunguka upande wa pili akatazama tena, kama vile labda jani liko huko.

"Umeipanda lini?"

"Sikuipanda mimi, nimeikuta."

Askari akashindwa kuvumilia. "Bosi, mwakani ikizaa tutapata geti jipya."

"Na hicho kwenye kikombe?"

"Chumvi."

"Chumvi! Unaimwagilia au unaipika?" Akacheka mwenyewe, na askari akacheka kwa sababu ya mshahara. Nikasema, "Bosi, huu waya unaingia kule ndani kwenye—"

"Sikukuuliza habari za waya. Nimekuuliza kwa nini maji ya ofisi yanamwagwa kwenye mchanga mtupu." Na kabla sijafungua mdomo tena, alikuwa ameshageuka kwenda kukagua mapipa ya taka.

Mchana ukatoka waraka, una sahihi na mhuri wa rangi mbili. *Ni marufuku kumwagilia sehemu zisizo na mimea.* Bomba la nje likatiwa kufuli, na ufunguo ukapanda ghorofani.

Nikasema sawa. Nikaipindua ndoo yangu juu chini, nikaikalia.

Ulikuwa wakati wa kiangazi. Siku ya kwanza mashine ilikwenda vizuri, maana udongo ulikuwa na akiba. Siku ya pili ikazima mara moja alasiri. Siku ya tatu ikazima mara nne. Siku ya tano ilikuwa ikiwashwa, inakohoa, inazima. Nilikuwa napiga deki koridoni, nasikia kile kidude, *ta!*, kisha kimya, kisha binti yangu akivuta pumzi.

Daktari, yaani yule mama mkuu wa maabara, ambaye si daktari wa kutibu bali wa kusoma, akaja kutazama. Si mtu mbaya, ila anaogopa ghorofani kuliko anavyoogopa Mungu. Akasema, "Mchanganyiko wako unapitisha umeme mno. Chumvi imezidi kwenye protini, mashine inajikinga. Osha njegere zako vizuri."

Chumvi imezidi! Nilikuwa nyuma ya mlango na mopu yangu, nikang'ata kola ya shati nisicheke. Chumvi iliyokosekana nje ndiyo waliyokuwa wanaitafuta ndani.

Binti akaosha njegere mara tatu, mara tano, mara saba. Akabadilisha maji, akabadilisha sindano, akapunguza mafuta. *Ta!*

Na mimi? Sina haja ya kudanganya, mke wangu hayupo wa kunisuta. Nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nimekalia ndoo yangu naisubiri siku ambayo Meneja atashuka zile ngazi, viatu vyake vinavyong'aa vikiingia vumbi, aje aseme, "Mzee wangu, hebu nieleze habari za ule waya." Nilikuwa nimeshapanga na jibu. Ningemwacha asimame juani kwanza nimalize kufunga kamba za viatu. Sina viatu vya kamba, lakini siku hiyo ningevitafuta.

Hakushuka. Iliyoshuka ni barua, tena haikuja kwangu. Kamati ya wafadhili ingetembelea maabara Alhamisi ya wiki inayofuata. Kukiwa na kitambaa kizima cha kuonyesha, mkataba wa fundi wa sindano ungeongezwa. Kisipokuwepo, taasisi ilikuwa inamshukuru kwa utumishi wake na kumtakia kila la heri.

Jioni hiyo nilimkuta jikoni na beseni la njegere zilizolowekwa. Alikuwa anazimenya moja moja kwa kucha. Alikuwa amefikiria kwamba chumvi inajificha kwenye maganda.

"Kaa unisaidie, baba."

Nikakaa, nikamenya. Tulimenya njegere za kutosha harusi, mimi na yeye, goti kwa goti, na muda wote huo mimi najua kwamba hazina kosa. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji kama vya bibi kizee. Hapo ndipo nikamwonea huruma, na badala ya kusema la maana nikajisifu.

"Usijichoshe hivyo, mama. Wataninyenyekea tu."

"Nani?"

"Wakubwa. Wakishachoka kuhangaika watashuka waniulize."

Akaendelea kumenya mbili tatu, kisha akasimamisha mkono. "Wakuulize nini, baba?"

Nikamwambia. Habari za nondo, kutu, ndoo, vikombe viwili. Alikuwa anajua waya upo, hakujua unakunywa. Nani angejua? Alipofika kazini alikuta umeshanyweshwa, na aliyekuwa anaunywesha ni baba yake, mfagiaji, mtu wa kusalimiwa.

"Umejua tangu lini kwamba ndiyo sababu?"

"Tangu ilipozima mara ya kwanza."

"Siku tisa."

"Ukiondoa Jumapili, nane."

Hakucheka. "Mbona hukusema?"

"Nilisema! Nilianza kusema, akanikata kauli. Kama hawataki kusikia, mimi ni nani niwashike masikio?"

"Ulimwambia yeye. Mimi je?"

Hapo inabidi niseme jambo ambalo watu wote wa mtaa wetu wamelisikia kwangu mpaka wamechoka. Mke wangu alifia hospitali, miaka minne iliyopita. Kando ya kitanda chake kulikuwa na kengele ya kumwita muuguzi. Alipobanwa na pumzi aliibonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Kengele ile ilikuwa mbovu kwa wiki mbili, na kulikuwa na mhudumu wa wodi aliyejua. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, alinijibu kwa upole kabisa: hakuna aliyemuuliza. Mimi hasira zangu zote nilizipeleka kwa wakubwa, kwa mganga mkuu, kwa wanaonunua vitanda vipya na kusahau kengele. Yule mhudumu nilimtukana tu njiani nikirudi nyumbani.

Binti yangu akafuta mikono kwenye sketi.

"Baba, unamkumbuka yule mtu wa kengele?"

"Nitamsahau vipi?"

"Mimi sikuwahi kumwona. Siku zote nilikuwa najiuliza ana sura gani."

Akaondoka akaniacha na beseni. Nikatafuta mkubwa wa kumlaumu jikoni mle, nikaona sufuria tu.

Kesho yake akaenda kumwambia Daktari. Daktari akaja na kipimo cha umeme chenye mshale, akakigusisha kwenye nondo, mshale ukalala pale pale ulipokuwa. Nikamwaga chupa yangu ya maji ya kunywa, mshale ukainuka kidogo kama mtu aliyesikia harufu ya chakula. "Mungu wangu," akasema. Basi nikajua mambo yamekwisha. Nilikuwa nimesahau ghorofani.

Daktari aliandika barua. Meneja akajibu siku hiyo hiyo, nami nilionyeshwa jibu. Alisema suala la ardhi kuhitaji maji ni la kitaalamu, kwa hiyo idara ilete ripoti ya fundi aliyesajiliwa, na fundi huyo apatikane kwa kushindanisha mafundi watatu, na ushindani huo utangazwe kwa siku ishirini na moja. Kwa sasa waraka unabaki palepale. Zilikuwa zimebaki siku tano kamati ifike.

"Si mngenunua nondo nyingine tu?" akauliza askari.

"Nayo ni manunuzi," Daktari akajibu. "Siku thelathini."

Ndoo ya maji ya kutoka chooni tulijaribu, Meneja akaikuta njiani, akaiandika kwenye ubao wake. Tukawa tumesimama pale nyuma, binti, Daktari, askari na mimi, tunausoma ule waraka uliobandikwa ukutani kama wagonjwa wanaosoma bei ya dawa. Binti hakuwa anasema na mimi ila kwa shughuli tu. Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Sehemu zisizo na mimea," akasoma polepole. "Na ikiwa na mimea?"

"Ukipanda ua hapo kwa vikombe viwili vya chumvi, litakufa kabla ya chai," nikasema.

"La kweli litakufa," askari akasema. Huyu jamaa nilikuwa namdharau, nakiri.

Nikaenda nyumbani. Mke wangu alipofariki, uongozi wa taasisi haukuja mazishini. Ulimtuma dereva na shada la maua ya plastiki, mawaridi mekundu na majani yake, na utepe ulioandikwa *Uongozi Uko Pamoja Nawe*. Sikuliweka kaburini. Nililiweka juu ya kabati miaka minne yote, si kwa mapenzi, kwa ushahidi. Nikalipangusa vumbi, nikaukata utepe, nikayanyofoa mawaridi moja moja na vijiti vyake. Asubuhi nikayachomeka kuizunguka nondo, nikapanga mawe madogo duara, nikayapaka chokaa. Nikapanda ghorofani mwenyewe, kofia mkononi, nikaomba ufunguo wa bomba la bustani.

"Bustani ipi?" Meneja akataka kuiona. Akashuka zile ngazi, hatimaye, na viatu vyake vikaingia vumbi, lakini raha yake sikuipata hata kidogo. Akasimama mbele ya yale mawaridi akatabasamu.

"Umeona sasa, mzee? Haya ndiyo matumizi yenye maana."

"Nimeona, bosi."

"Yamechanua haraka."

"Ni aina ile ya haraka."

"Na hicho kwenye kikombe?"

"Mbolea."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniachia ufunguo. Askari alikuwa amegeukia geti, mabega yanamtetemeka.

"Ndoo ngapi?" binti akaniuliza akiwa dirishani. Ndilo neno la kwanza kunipa siku hiyo.

"Mbili. Udongo umekauka sana."

"Tia tatu."

Nikatia tatu. Mchana ule sikusikia *ta*. Nilipiga deki koridoni mara mbili bila sababu ili nisikilize, na kilichokuwa kinasikika ni pampu tu na silinda ikizunguka. Jumatano jioni alibandua kitambaa kizima, hakina tone, akakiinua kwenye mwanga. Nilikiona kupitia kioo cha mlango. Akaniona ninakiona, akageuza uso.

Alhamisi kamati ikaja, watu saba na mpiga picha. Binti aliwaeleza kila kitu kwa sauti isiyotetemeka, akawasha sindano mbele yao, uzi ukatoka, ukacheza, ukajibandika. Wazee wazima wakasema "aaa!" kama watoto. Kisha Meneja akawazungusha nyuma kuwaonyesha bustani. Mama mmoja wa kamati, mwenye miwani mikubwa, akainama, akashika ua moja kwa vidole viwili, akalisugua. Akaniangalia mimi na ndoo yangu. Mimi nikaangalia mawingu ambayo hayakuwepo.

"Hayanyauki?" akamuuliza Meneja.

"Ni suala la utunzaji tu," Meneja akasema.

"Naona," akasema yule mama, akajifuta vidole.

Mkataba wa binti ukaongezwa, safari hii mwaka mzima. Meneja akapewa cheti cha mazingira, kimetundikwa kwenye mapokezi. Na mimi, Jumatano iliyofuata, nikapata barua ya kwanza ya maisha yangu kutoka ghorofani. Ilinipongeza. Ilinipa kazi ya ziada ya mtunza bustani, bila ongezeko lolote la mshahara. Na ilinielekeza kwamba kuanzia sasa maua yamwagiliwe mara mbili tu kwa wiki, kwa kuwa maji mengi huozesha mizizi.

Niliisoma mara mbili. Ndoo ilikuwa karibu, na kivuli kilikuwa kizuri, ningeweza kuipindua. Nikaiacha palepale nikaingia maabara moja kwa moja, bila kubisha, na buti zangu za matope kwenye sakafu niliyoipiga deki mwenyewe.

"Soma," nikamwambia binti.

Akavua glovu, akasoma. Alipofika kwenye mizizi akaziba mdomo. Akacheka mpaka akashika meza, kicheko cha mama yake kabisa, kile cha kukosa sauti. Kisha akafungua daftari kubwa la taratibu, lile ambalo kila kitambaa kinatengenezwa kwa kulifuata, na juu ya hatua ya kwanza, kabla ya njegere, kabla ya mafuta, akaandika kwa wino: *Maji ndoo moja, chumvi vikombe viwili, kwenye nondo, kila asubuhi.* Akampelekea Daktari. Daktari akatazama mlango, akatazama dari, yaani ghorofani, akatia sahihi.

"Sasa wakitaka kuyaondoa maji," binti akasema, "wataondoa na kitambaa. Na kitambaa wameshakipiga picha."

Nikaona shughuli imekwisha, nikageuka.

"Unakwenda wapi? Kaa."

Akanisogezea kiti cha ofisini chenye magurudumu, kile cha watu wenye diploma. Nikakikalia ukingoni.

"Kuna nini kingine unakijua humu ndani?"

"Kuhusu nini?"

"Chochote. Vitu unavyoviona ukipita na mopu yako ukanyamaza."

"Vyote?"

"Vyote, baba. Sina haraka."

Nikafikiria nianzie wapi, maana miaka saba si mchezo. Nikaanza na friji ya sampuli, ambayo kila Ijumaa dereva wa Mkurugenzi huichomoa ili achaji simu.

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Saa sita mpaka saa nane."

Akafungua ukurasa mpya.